Chui wa Nyangeta

Nyangeta anaendesha watalii Serengeti, na kazi hiyo alifunzwa na Mahemba. Wenzake walipokuwa wakimcheka mwanamke anayelala chini ya gari na spana, Mahemba ndiye aliyemfundisha kusoma nyayo na kuegesha gari jua likiwa mgongoni ili mgeni apate picha safi. Zaidi ya yote alimkanya jambo moja: simba watangaze kwenye redio ya madereva upendavyo, lakini mama mwenye watoto wachanga, funga mdomo. Akijaziwa magari atahama, na akihama mchana kweupe, nyani na fisi wapo, wanawavizia watoto.

Basi alipomwona chui na vitoto viwili kwenye ufa wa jiwe, alinyamaza. Wageni wake walimsumbua wanataka chui, chui, yeye akawazungusha kwa twiga na pundamilia. Alimnong'oneza mtu mmoja tu, Mahemba. Angemfichaje? Mzee alifurahi kweli, akamtania kwamba sasa amekuwa bibi wa chui.

Siku ya pili, alasiri, mwanga ule wanaoupenda wapiga picha umeshaanza, Nyangeta akapita njia ya mbali atupie jicho tu. Lo! Jiwe lilikuwa limezingirwa. Injini zinaunguruma, watu wamesimama juu ya viti, kamera zimetoka kila dirisha. Na gari lililokaribia kuliko yote lilikuwa la Mahemba.

Chui akatoka na mtoto mmoja mdomoni, akapenya kati ya magurudumu, akaingia majanini. Kamera zililia mfululizo. Wenye magari, kwa tamaa zao, wakasogea zaidi na kuziba mwanya aliopitia. Alipomrudia yule wa pili akakuta chuma kila upande. Akasimama pembeni ya majani, akaangalia, akajaribu upande mwingine, akarudi nyuma. Nyani wakashuka kwenye ufa wa jiwe. Kilio cha mtoto kilikuwa kidogo sana, kisha kikaisha, na watu bado wanapiga picha.

Nyangeta aliona uchungu. Angekuwa dereva mwingine yeyote angemtukana akamaliza. Lakini huyu! Akasogeza gari lake ubavuni mwa lile la mzee, akashusha kioo, asimwamkie.

Mahemba hakumtazama. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi redioni sikutangaza. Wageni wangu wanaondoka kesho, hawajaona kitu. Nilimwambia dereva mwenzetu Sasi tu, anisaidie kutafuta. Mtu mmoja tu."

"Na mimi nilimwambia mtu mmoja tu, mzee."

Nyuma ya Mahemba wageni wake walikuwa wakimpigapiga begani na kumshukuru kwa kuwatafutia chui.