Kiondo Kilichofunguliwa Langoni

Mwanamume hatii mkono wake katika kiondo cha mama mkwe wake. Hakifungui, hakichungulii, wala haulizi kilichomo. Kutoka Siakago hadi Timau, kuuzunguka mlima wote, hakuna mtu aliyelelewa akalelewa asiyelijua jambo hili. Dini ilipokuja haikulifuta, kwa kuwa adabu si ushenzi.

Saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umeyalalia mashamba ya ngano, Misheck Njoka anasimama kwenye lango la bustani ya michezo ya watoto iliyo nje kidogo ya mji wa Timau. Amevaa koti la sare, na kofia ya sufu imemfunika masikio. Kazi yake ni kupekua mifuko.

"Fungua, mama. Na hiki kikopo?"

"Ni viazi vya mtoto tu, askari. Nimechemsha."

"Haviingii. Utavikuta hapa ukitoka. Sitavila."

"Macho yako yanasema utavila," mwanamke anajibu, na foleni nzima inaangua kicheko.

Njoka hacheki. Anakiweka kikopo juu ya rafu, anafunga kamba yenye namba, kisha anamgeukia mgeni anayefuata. Anamtazama usoni kwanza. Anamtazama sana, hata baadhi ya watu hukasirika. Ndipo anaponyosha mkono. Hakuwa na desturi hiyo kabla ya Agosti.

Njoka ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa Kibugu, upande wa Embu, katika nyumba ya wachuma chai, akasoma hadi darasa la nane, akapanda huku kwenye baridi kutafuta kazi katika mashamba ya maua. Bustani ilipofunguliwa akaajiriwa kuwa bawabu. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi. Karibu nusu yake hupelekwa Siakago, kwa mama mkwe wake, Bi Ciakuthii, anayemlea binti yake wa pekee, Rwamba.

Mkewe, Mukami, alifariki mtoto akiwa hajamaliza kuota meno. Njoka alikuwa akifanya kazi za zamu, na hakuwa na ndugu wa kike wa kumsaidia. Bi Ciakuthii alimchukua mjukuu wake siku ya maziko, akamfunga mgongoni, wala hakuna aliyebisha.

Chumba anachopanga Njoka kina vitanda viwili. Kile kidogo alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya maua. Hukitandika kila Jumamosi. Hakuna mtu aliyewahi kukilalia.

"Wenzangu huniuliza kwa nini nisikiuze," anasema. "Nawaambia mtu hauzi kitanda cha mgeni aliye njiani."

Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akipiga simu Siakago. Kwa heshima ya mkwe na mama mkwe, wawili hao hawazungumzi ana kwa ana, hata kwa simu. Bi Ciakuthii alikuwa akipokea, akakohoa mara moja kumjulisha kwamba yupo, kisha akampa mtoto.

"Kikohozi kile ndicho kilikuwa salamu yangu ya wiki," Njoka anasema. "Mtu mzima mwingine wa kuniuliza habari sikuwa naye."

Mwaka huu, kupitia kwa mtoto, kikohozi hicho kilifuatwa na ujumbe. Rwamba alikuwa anakaribia kutimiza miaka saba. Kama angekwenda Timau na nyanya yake wakati wa likizo, akamzoea baba yake, basi Januari angeweza kuhamia kwake na kusoma huko. Kama hangemzoea, angebaki Siakago hadi awe mkubwa. Bi Ciakuthii alikuwa ameamua hivyo, naye si mtu wa kusema mara mbili.

Bustani huwapa wafanyakazi wake usiku mmoja kwa mwaka katika nyumba ndogo za wageni, wao na jamaa zao, bila malipo. Usiku wa Njoka ulipangwa mwezi wa Agosti, na siku ya kufika wageni wake ikawa ndiyo siku aliyozaliwa Rwamba. Njoka aliiona kuwa baraka. Makandi, mwanamke anayepekua foleni ya pili ya lango hilo, hakuiona hivyo.

"Baba Rwamba, siku ya kufika si siku ya sherehe," alimwonya. "Mtoto atakuwa amebadilisha magari kutoka Siakago mpaka Embu, Embu mpaka Meru, Meru mpaka hapa. Atalala usingizi juu ya keki. Mpe uji, mlaze, sherehe iwe kesho yake."

"Kesho yake hatakuwa amezaliwa."

"Kwani atakuwa amekufa? Wanaume nyinyi!"

Hata hivyo Makandi alimsaidia. Mpishi aliombwa aandike jina la Rwamba juu ya keki kwa sukari nyekundu. Mwendesha gurudumu kubwa la kuinulia watu juu aliombwa alisimamishe kidogo, kiti cha mtoto kikifika juu kabisa, ili aone mbali. Njoka hakutosheka kuambiwa. Jioni moja wageni walipokwisha kuondoka alipanda gurudumu hilo peke yake, akaomba asimamishwe hapo juu.

"Niliona ngano, nikaona nyika ya kuelekea Isiolo mpaka macho yakachoka," anakumbuka. "Nilitafuta Siakago nimwonyeshe mtoto nyumbani kwao. Haionekani. Mlima umekaa katikati."

Msimamizi wa bustani, Bwana Kirimi, alimkuta akishuka. "Njoka, hii ni siku ya kuzaliwa au unaoa tena?"

"Ni mgeni wangu, bosi."

"Basi hiyo siku usiguse lango. Vaa koti zuri, ukae kama mwenye mali."

Na hivyo ndivyo ilivyopangwa. Njoka angewapokea wageni wake akiwa na koti la arusi yake, naye Makandi angekipekua kiondo cha Bi Ciakuthii. Ndani yake kungekuwa na chakula, hilo lilijulikana. Hakuna nyanya wa Mbeere, huko Siakago, aendaye kumwona mkwe mikono mitupu. Makandi angekitoa chakula hicho kwa upole, akakihifadhi, na mkwe asingeona lolote.

Siku yenyewe ilipofika, yalikuja mabasi ya wanafunzi ambayo hayakutarajiwa. Bwana Kirimi alimwomba Njoka ashike lango kwa muda mfupi tu. Njoka akavaa sare juu ya koti la arusi. Adhuhuri ilipokaribia, mtoto mmoja wa shule akapotea karibu na kidimbwi cha bata, na Makandi akakimbia kumtafuta. Njoka akabaki peke yake na foleni mbili.

Katika foleni mojawapo, nyuma ya wanafunzi, alisimama Bi Ciakuthii. Alikuwa ameinamisha kichwa na kuufunika uso kwa leso, kama impasavyo mwanamke mbele ya mkwe wake. Hakusema neno, kwa kuwa haimpasi kusema. Rwamba alikuwa hatua chache kando, ameduwaa akilitazama gurudumu. Naye Njoka, aliyezoea miaka yote kuinamisha macho mbele ya kila mwanamke mzee, hakuuinua uso wake kuona ni nani.

"Mkono ulikwenda wenyewe," anasema. "Sikuona mtu. Niliona kiondo."

Juu kabisa kulikuwa na vazi. Akalitoa, akalikunjua, akaliinua hewani ili aone kilicho chini yake. Lilikuwa gauni la kulalia la mwanamke mzee, jeupe, lenye kiraka begani. Wanafunzi wakacheka. Mmoja akapiga mluzi.

Ndipo sauti ndogo ikasema kando yake, "Baba, hiyo ni ya cucu."

Cucu ni nyanya. Njoka alijua sauti ile. Ndiyo aliyoisikia kila Jumapili. Anasema hakumbuki jinsi alivyoliachia gauni lile. Anakumbuka kwamba Rwamba aliliokota, akalipangusa vumbi, akalikunja vizuri kama alivyofunzwa, akalirudisha ndani ya kiondo, akaushika mkono wa nyanya yake. Bi Ciakuthii akageuka, akaifuata njia iliyowaleta.

Njoka aliliacha lango wazi, akawafuata hadi barabarani. Hata hapo hakuwa na ruhusa ya kumsemesha mzee yule. Ilimbidi apitie kwa mtoto.

"Rwamba, mwambie cucu sikumwona."

"Cucu, baba anasema hakukuona."

Bi Ciakuthii alikuwa ameielekea barabara. "Mwambie baba yako najua hakuniona. Lakini wale watoto wameniona."

"Baba, cucu anasema—"

"Nimesikia, mwanangu."

Walisimama hivyo, watu watatu wa nyumba moja, mpaka gari la Meru likaja. Rwamba akaligeukia gurudumu, akauliza kama litakuwepo kesho. Njoka akasema litakuwepo. Gari likaondoka.

Bwana Kirimi, ambaye ni mtu wa Nkubu, naye wa mlima huohuo, alikuwa ameyaona yote kutoka mlangoni mwa ofisi. Anasimulia kwamba alivua kofia akageuka kuitazama ngano, kwa sababu hakupata mahali pengine pa kuweka macho. "Ile sheria ya chakula ni yangu," anasema. "Lakini ile nyingine ni ya watu wote. Ningejua ni mama mkwe wake, ningemfungulia yule mama lango mwenyewe, aingie na sufuria zake zote."

Keki haikuweza kurudishwa. Alasiri Njoka aliikata mwenyewe, akawagawia wanafunzi walewale waliocheka, kabla hawajapanda mabasi yao. Mwalimu wao aliwaamuru waimbe, wakaimba. Msichana mmoja akasoma sukari nyekundu iliyobaki kwenye kipande chake, akauliza Rwamba ni nani na yuko wapi.

"Nikamwambia yuko njiani," anasema Njoka.

Jumapili iliyofuata alipiga simu Siakago. Ililia ikakatika. Ikawa hivyo kila Jumapili, na Njoka akatambua kwamba kikohozi chenyewe alikuwa amenyang'anywa. Watu wa kizazi hiki wangemshauri amwandikie mzee ujumbe wa kuomba radhi, mambo yakaisha. Hayaishi hivyo. Kosa lililotendwa mbele ya watu halifutwi kwa kidole kimoja juu ya simu, na Njoka, ingawa hakusoma sana, alilijua hilo.

Alishuka Kibugu, akamweleza baba yake mdogo, Mzee Kinyua. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Uliliinua lile gauni?"

"Nililiinua, baba."

"Juu?"

"Juu."

"Basi tutakwenda mimi na wewe. Na wewe ndiwe utakayemvuta mbuzi."

Mzee Kinyua alitangulia kupeleka maneno, na wazee wa nyumba ya Bi Ciakuthii wakataja faini: mbuzi jike ambaye hajazaa, na mkebe wa asali. Zamani asali hiyo ingepikwa pombe. Nyumba ile ni ya Kikristo tangu misheni, kwa hiyo asali ililetwa iwe asali. Njoka alimchagua mbuzi katika soko la Ishiara, mweupe asiye na doa, akamvuta kwa kamba akiwa amevaa koti la arusi, kwenye jua la Mbeere ambalo mtu wa Timau huwa amekwisha kulisahau. Wachuuzi njiani walimtania. "Wewe wa koti, huyo mbuzi ndiye bibi arusi?" Akaendelea kuvuta kamba.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Wazee walimkagua mbuzi meno na kwato, wakaonja asali, wakaomba dua fupi. Mzee Kinyua akatamka kosa kwa jina lake, bila kulipunguza. Bi Ciakuthii alikuwa ameketi mlangoni pa jiko, mgongo wake ukiwaelekea, naye Rwamba amesimama kati yake na baba yake.

Bi Ciakuthii akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Baba, cucu anasema mbuzi ni mzuri."

"Mwambie ahsante."

"Anasema yamekwisha."

Bi Ciakuthii akasema tena, na mtoto akasikiliza kwa makini, maana safari hii maneno yalikuwa mengi.

"Cucu anasema Timau kuna baridi. Anasema sweta ya shule ununue ya mikono mirefu, na kubwa kidogo, ndiyo inifae mpaka darasa la pili."

Mzee Kinyua alivua kofia. Mtoto alikuwa akisubiri neno la kupeleka. Njoka aliinamisha kichwa tu, na Rwamba akaripoti kwa uaminifu: "Cucu, baba ameinama."

Ndipo Bi Ciakuthii alipovuta kiondo kilekile, akakiweka katikati ya ua, akamwonyesha mtoto kwa kidevu. Rwamba akakifungua. Akatoa kibuyu cha uji wa wimbi, uji kama ule ambao mwezi wa Agosti ulifika hadi langoni ukarudi, akaumimina katika kata, akampelekea baba yake kwa mikono miwili.

"Cucu anasema unywe."

Mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe wake. Bi Ciakuthii, bila kugeuka, aliinuka, akaingia ndani ya nyumba, akaufunga mlango. Njoka akanywa.