Mstari wa Jirani

Mtendaji wa mtaa wetu, hapa Ipagala, haandiki barua ya utambulisho kabla hajapuliza vumbi kwenye daftari, hata kama amelipuliza sasa hivi. Mhuri anaufunga kwenye leso, kama mama anavyofunga sadaka. Sauti yake ya chini, na swali lake ni moja kwa kila mtu: "Jirani yako nani, aje akusemee?" Juzi alimuuliza Lydia, msichana wa kazi za ndani, aliyekuja na fomu ya chuo cha halmashauri, ambako mkazi wa miaka mitatu analipa nusu ya ada. Bila ile nusu, chuo angekisikia tu.

"Shikamoo, baba. Jirani simjui. Mwaka wa nne huu niko ndani ya geti, na mama mwenye nyumba hataki kusikia habari za chuo."

"Marahaba. Geti lipi, mwanangu?"

"La bluu, nyuma ya tangi la maji."

Nyumba ile inapakana na ya mtendaji. Tangu amzike mkewe anakaa kwake peke yake, na hakuwahi kujua kama ng'ambo ya ukuta kuna msichana.

"Nawasikia tu watu," Lydia akasema. "Kuna mzee anaimba nyimbo za kanisani kila jioni. Akifika kwenye kiitikio ananyamaza, kama anamsubiri mtu. Mimi naosha vyombo, namwitikia taratibu, asinisikie."

Mtendaji aliivuta fomu. Kisha, kwenye mstari wa jirani anayemtambua mwombaji, akaandika jina lake mwenyewe.