Paka Aliyelala Ndani ya Kofia

Leo nimefundishwa kazi ya mtandao na mwenye simu ya mulika mwizi.

Ndimi ninayeendesha ukurasa wa kofia za Bi Zuhura, hapa Mkomani. Kofia moja humchukua miezi miwili kwa sindano. Tatu zimelala kabatini, na asubuhi ameniambia zisipotoka, anaacha kushona.

Nikamwonyesha video yangu ya paka aliyelala ndani ya kofia. Maelfu wameitazama! (Nilishaanza kutabasamu.)

“Wangapi wametuma kipimo cha kitwa?” akauliza, mulika mwizi yake mkononi.

Nikamwonyesha tena idadi ya waliotazama.

“Anotaka kofia hupima kitwa, Bwana. Hao wamempenda paka.”

Nikaona haya, nikafungua jumbe nisizowahi kusoma. Katikati ya “paka anaitwa nani?” kuna mwalimu wa Matondoni. Wiki nzima imepita tangu atume picha: uzi aliozungusha kichwani, ameulaza kwenye rula. Anaoa Ijumaa.

Nikampigia. “Nilidhani mumefunga!”

Alasiri amekuja. Kofia moja imemkaa sawasawa, ameinunua.

Alhamdulillahi, Bi Zuhura ameshakata kitambaa kipya. Ahsante, mwalimu wangu wa mulika mwizi.

Nanyi mnaompenda paka, karibuni. Mwenye kutaka kofia, atume kipimo. Leo nasoma.