Nilimwambia Sarafu za Mumewe Zimeharibika

Nilimdanganya mama mzee aliyeniamini, na sina wa kulaumu ila mimi mwenyewe.

Nanunua saa na sarafu za zamani kwa kaduka kadogo hapa tao, katikati ya jiji. Siku moja mama mmoja wa mtaa wa Satellite aliniletea kisanduku cha sarafu za silva, zile zinazotengenezwa maalum za kuwekwa kama kumbukumbu, si za kutumia. Mumewe alipewa na mwajiri wake alipostaafu udereva. Sasa mzee amelazwa Parklands na hospitali inataka pesa.

Sarafu zilikuwa zimeingia weusi kidogo. Kazi yangu naijua. Silva ikikaa miaka mingi hufanya hivyo, na mradi hujaisugua, thamani iko palepale. Hata cheti chake kilikuwa ndani.

"Mama, hizi zimeharibika," nikamwambia. "Nitakulipa uzito wa silva tu."

"Kweli, kijana wangu?"

"Kweli, mama."

Akazigusa moja moja, akanibariki, akaenda. Kesho yake nikaziuza kwa mtu wa Spring Valley anayekusanya sarafu, mara kumi ya nilicholipa.

Baada ya wiki tatu mama akarudi na mzee mwenyewe, amekonda, wameshikana mikono. Mzee alitaka anunue moja tu, ya kuwekea wajukuu. Nikaogopa kuumbuka.

"Nilishaziyeyusha, mzee."

Alikaa kwa kiti muda mrefu. "Zote?" akauliza. Halafu akanishukuru kwa kumsaidia mke wake. Mimi, akanishukuru!

Tangu hapo sikuwa na amani. Nilirudi Spring Valley kuzinunua, yule mtu akakataa. Basi nikaweka faida yote kwa bahasha, nikaenda Satellite kusema ukweli. Nikamkuta mama peke yake. Mzee alikuwa ameshazikwa.

Nilipomaliza kueleza na kumpa bahasha, hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hivyo hazikuyeyushwa?"

"Hapana, mama. Ziko."

"Tulipotoka kwako aliacha kabisa kuongea juu ya kazi yake. Miaka yote ile ya udereva." Akanirudishia bahasha. "Hiyo habari ungemletea yeye."

Wewe unayenunua vitu vya wazee, mwambie mtu bei ya kweli hata kama hatawahi kujua. Na kama ushadanganya, rudi leo. Mimi, mzee alikaa mbele yangu, akiwa hai bado, akiningoja niseme, na nikamwangalia tu mpaka akasimama akaenda.