Ukurasa wa Mwewe

Niliona kuku wa kitabu chetu anazamishwa. Karani wa pamba alikuwa amevaa gambuti, na kwa mguu wa kulia anakanyaga vitabu ndani ya pipa la maji kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Jalada la kijani likainuka mara moja, nikamwona kuku na vifaranga wake, halafu gambuti likawarudisha chini.

"Hicho ni cha bibi yangu," nikasema.

"Bibi yako anasoma?" karani akauliza. Wapakiaji wakacheka. "Mwambie kuku wake leo wanaoga. Kesho watataga."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa pale pale kwenye mizani, ufunguo wa chumba cha vitabu mkononi. Hakucheka, lakini hakusema neno. Ndiye ninayemtaka. Nitamrudia.

Ngoja nikueleze tulifikaje kwenye pipa hilo. Mama alifariki msimu wa kuchuma pamba, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Nilikuwa darasa la tatu. Tukabaki wawili, mimi na bibi aliyemzaa mama, huko kwetu upande wa Sapiwi. Watu wa msiba walipoondoka bibi akanyamaza. Alikaa mlangoni siku nzima, pamba mapajani, akitenga safi na fifi, nyeupe huku, chafu kule. Akimaliza anaichanganya yote, anaanza upya. Nilichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamwekea kwenye kibakuli. Jioni nayakuta vilevile, yamepoa, nzi juu. Nikitoka shule nilikuwa nasimama kwanza kwenye minyaa, mbali, niangalie kama kichwa chake kinatikisika. Kikitikisika ndipo nasogea.

Wakati ule ghala la pamba bado lilikuwa la ushirika. Nyuma yake kulikuwa na chumba, na ndani kabati moja la vitabu vya elimu ya watu wazima, vya wale wanaojifunza kusoma ukubwani. Herufi kubwa, maneno machache, picha. Mwalimu wa watu wazima alikuwa anafungua Jumamosi. Akanipa kimoja, akasema, "Kamsomee bibi yako. Hiki hakina kelele."

Kilikuwa cha kufuga kuku, basi. Mama mmoja ana kuku watano. Anawajengea banda. Anafagia banda. Anawawekea maji. Kuku wanataga. Humo ndani hakuna aliyeugua, hakuna aliyegombana na mtu. Vitabu vya shule vilikuwa vinakubana kwa maswali mwishoni mwa kila habari, lakini hiki hakikuuliza kitu. Nilisoma Kiswahili, nikamgeuzia kwa Kisukuma pale alipokwama. Siku ya tatu bibi akafungua mdomo.

"Huyo mama fagio lake limeisha. Mwambie akate lingine."

Nikaitazama picha. Kweli, limebaki kishina. Siku hiyo akala matobolwa, mpaka yaliyoshika chini.

Lakini mbele kidogo kulikuwa na ukurasa wa mwewe. Amechorwa juu, mabawa yamenyooka, vifaranga chini hawana habari. Hapo bibi aliweka kiganja juu ya karatasi. "Ishia hapo, mayu, mama yangu. Rudi mwanzo." Ikawa hivyo kila siku. Nikiukaribia ule ukurasa naogopa siku moja mwewe atashuka kabla kiganja hakijafika. Zilibaki kurasa nne. Sikuwahi kuzichungulia. Niliona nikichungulia nitakuwa nimeita kitu nyumbani.

Kila Jumamosi unarudisha kitabu, mwalimu anakikagua, anakuandikia tena. Nilirudisha kila Jumamosi. Ningekuwa mwizi tungekuwa nacho mpaka leo.

Halafu ukaja uhuru wa biashara. Wanunuzi wakaingia na malori yao, ghala likakodishwa kwa tajiri mmoja asiyeonekana, na karani wake akaletwa. Jumamosi moja mwalimu akapokea kitabu, akasema nikifuate wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikakuta kufuli jipya, na ufunguo sasa uko kwa mwenyekiti. Miguu ya bibi ikaanza kuvimba. Nilimsimulia kuku kwa kichwa, naishia kwa mwewe kama kawaida, mpaka asubuhi moja akanishika mkono.

"Leo tusome mpaka mwisho. Kalete kitabu."

Nilikimbia, ndipo nikakuta pipa. Karatasi inashika maji kuliko pamba. Karani alikuwa analoweka vitabu, anavisokomeza katikati ya magunia, kwa nje pamba safi, ili mzigo uwe mzito na tajiri wake alipie maji kwa bei ya pamba. Na mwalimu alikuwepo, msiniambie hakuwepo. Alisimama na baiskeli, mguu mmoja chini, akaona, akakanyaga pedeli akaenda zake.

Nilirudi mikono mitupu. Bibi akauliza, "Umekuja nacho?"

Nikakaa upande wa jicho lake bovu. Nikafungua viganja vyangu, nikapitisha kidole, nikasoma. Nikafika kwa mwewe. Kiganja chake hakikuja.

"Mwewe akazunguka," nikasema. "Akazunguka, akachoka. Akaenda zake."

Akauliza, "Kitabu ndicho kinasema hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya."

Hakumaliza wiki. Na mimi sikumaliza darasa la nne, nikapelekwa kwa shangazi kuchunga. Sasa kichwa changu kina mvi. Karani alihama na malori yake, mwalimu amekufa, na chumba kile kimebaki ukuta mmoja ambao mbuzi wanajikunia.

Mwenyekiti yupo. Ni mzee sana sasa, anakaa Somanda kwenye kibaraza cha duka la mwanawe, na nikipita asubuhi ananisalimu mwenyewe kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!" Kama hajawahi kuniona pale kwenye mizani.

Babu mwenyekiti, wewe ulisoma, miwani yako naiona na gazeti naliona. Ufunguo ulikuwa wako. Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyevishika vile vitabu vikiwa vikavu. Ulifungua hata kimoja kabla ya kuvitoa? Basi nijibu, na safari hii usininyamazie: kurasa nne za mwisho zilisema nini? Nilimdanganya bibi yangu, au sikumdanganya?