Majani Yasiyoguswa na Chuma

Nilimjibu mwanangu "sawa". Neno moja tu, kwenye simu, nikiwa nimesimama mbele ya nyumba yangu hapa Bashay. Ningesema "hapana" siku ile, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe. Hayakumtokea jirani, wala sikuyasikia kilabuni. Jua lilikuwa bado halijazama, sikuwa nimelewa, na macho yangu wakati ule yalisoma Injili bila miwani. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Baba yetu alikuwa na watoto wa kiume wawili, mimi na mdogo wangu Paskali. Alipotugawia shamba, aliacha katikati ukanda wa majani, upana wake hatua tatu, kutoka barabarani mpaka kijitoni. Akatuita wote wawili, akatuonyesha. "Hapa pasiguswe na chuma," alisema. "Si panga, si mundu, si jembe. Mkikosana, aliyekosa ang'oe majani hapa kwa mkono wake, aende nayo kwa mwenzake."

Kwetu sisi Wairaqw, majani mabichi mkononi ni amani. Mtu akija kwako ameyashika, hata kama ulikuwa umeinua fimbo, unaishusha. Lakini lazima yawe yameng'olewa. Yaliyokatwa ni chakula cha ng'ombe tu. Baba alitaka tusiwe na kisingizio cha kukosa majani karibu. Na kwa miaka mingi ukanda ule ulikaa hivyo hivyo, umestawi mpaka magotini, mimi upande huu, Paskali upande ule.

Tulikosana kwa sababu ya maji. Biashara huria iliporuhusiwa na wanunuzi wa vitunguu saumu wakaanza kuja hadi mashambani, bonde letu lote liligeuka vitunguu, na mfereji ukawa na zamu. Jumatano ilikuwa zamu ya Paskali. Jumatano tatu mfululizo niliamka kabla yake nikayageuza maji yaje kwangu. Vitunguu vyake vilikauka vikiwa vidogo kama kucha. Alipokuja kuniuliza, kwa adabu, nilimjibu mbele za watu, "Maji hayana jina la mtu." Watu wakacheka. Yeye alinitazama kidogo, kisha akaondoka.

Mkosaji alikuwa nani? Mimi. Nilijua tangu siku ile. Lakini mkubwa kwenda kwa mdogo wake na majani mkononi, ile hatua ilinishinda. Miaka mitatu ikapita. Tukikutana kanisani aliniamkia, "Shikamoo, kaka," nami nikaitika "Marahaba" huku nikitazama viatu vyangu.

Kisha akaugua. Mke wake, Theresia, alikuja kwangu asubuhi moja, kanga mabegani, hakutaka hata kukaa.

"Shemeji, Paskali amelazwa. Maji yamejaa tumboni. Anakuulizia."

"Nitakwenda," nikasema.

"Lini?"

"Tuna jubilei ya ndoa yetu Jumapili, jumuiya ya kanisani inasali hapa. Ikiisha, nitakwenda."

Akaitazama nyumba yangu, akautazama ule ukanda wa majani. "Shemeji, majani hayo hapo. Ng'oa leo. Gari la kwenda hospitali linaondoka saa nne."

"Nitakwenda Jumatatu."

Alishika njia.

Kwa ajili ya jubilei hiyo mwanangu Emanueli, anayefanya kazi Babati, alikuwa amenitumia mashine ya kufyekea majani. Si ile ya petroli inayopiga kelele kama pikipiki mbovu. Hii ilikuwa ya betri. Unachaji ndani kama simu, unaipachika nyuma, unavaa mkanda begani, unabonyeza. Kule chini kichwa kinazunguka na kipande cha uzi wa nailoni, na ule uzi ndio unaokata. Kwa kweli nilifurahi nayo kama mtoto. Mgongo wangu ulikuwa umechoshwa na fyekeo la mkono, na sasa nilikuwa nanyoosha uwanja nikiwa nimesimama wima, nimevaa miwani ya plastiki na gambuti, kama mtaalamu.

Ijumaa mchana nilimaliza uwanja wote. Emanueli akapiga simu.

"Baba, umefika wapi?"

"Nimemaliza. Kumebaki pale kwa babu yako tu."

"Pale si ndiyo pamekuwa pori! Wageni watapita hapo kutoka barabarani. Nyoka watakosa? Nyoosha pote, baba."

"Babu alikataza chuma."

Akacheka. "Sasa hiyo ina chuma gani? Inakata kwa uzi. Ni plastiki, baba. Babu hakukataza plastiki."

Nisamehe kwa kusema hivi, lakini nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia maneno hayo. Ukanda ule ulikuwa unanisuta kila asubuhi nikifungua mlango. Nilitaka uishe. Ndipo nikasema "sawa".

Jirani yangu Gwandu alikuwa ameegemea uzio, ananitazama tangu mchana.

"Mzee, umekuwa rubani?" akasema. "Betri ikiisha unatua wapi?"

"Nitatua kwako, uniandalie ugali."

"Ugali upo. Lakini usipite hapo pa baba yenu."

"Si chuma hii, Gwandu. Ni uzi."

Hakucheka tena. "Uzi," akasema, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha, akaondoka zake.

Nilianzia barabarani. Ilikuwa yapata saa kumi na moja, ukungu unaanza kushuka kutoka mlimani. Mashine ilikuwa inavuma kama nyuki waliochokozwa. Majani yale hayakuanguka kama yanavyoanguka kwa mundu. Uzi ule unayapasua vipande vipande, maji yake yanaruka mpaka usoni, na chini panabaki tope la kijani. Nilikwenda mbele na nyuma mpaka udongo ukaonekana. Nilipofika nusu nilihisi aibu. Je, niliacha? Sikuacha. Nilikwenda mpaka kijitoni, nikahakikisha sikubakiza hata unyasi mmoja.

Nilipogeuka, Paskali alikuwa amesimama upande wake wa ukanda.

Alikuwa amejifunga blanketi begani kama tunavyofanya baridi ikianza. Alikuwa amekonda, ila tumbo halikuwa limevimba kama nilivyoambiwa. Nikajua ameruhusiwa. Nikajua pia, na hili nalikiri, kwamba nilikasirika. Amerudi, nikawaza, sasa ataona nilichofanya.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama chini. Akainama, akaanza kutafuta. Alipapasa ardhi kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu aliyeangusha sindano. Alikuwa anatoka huku anakwenda kule, ndani ya zile hatua tatu. Mashine ilikuwa bado inazunguka mkononi mwangu, vipande vya majani vinaruka, vimenijaa kwenye suruali na kwenye miwani. Yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na hakuna hata kipande kimoja kilichomshika.

"Kaka," akasema, bado ameinama, "majani yako wapi?"

Ungekuwa wewe ungejibuje? Hebu sikia nilivyojibu mimi. "Nimefyeka. Kuna wageni Jumapili."

"Nipe hata moja."

"Si hayo hapo chini? Okota."

Akaokota. Ndugu yangu, nakuambia ukweli wa Mungu, akaanza kukusanya vile vipande vilivyopasuka, anajaribu kuvishika pamoja viwe konzi moja. Vikapita katikati ya vidole vyake vikaanguka. Akakusanya tena. Vikaanguka. Havikuwa na urefu wa kushikika. Mara ya tatu akanyanyua uso akanionyesha viganja vyake vitupu, na sikuona hasira katika uso ule. Ningeona hasira ningelala usingizi leo. Niliona uso wa mtu aliyechelewa gari la mwisho.

"Sasa nitaingiaje kwako?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, njoo hivyo hivyo. Naapa nilitaka. Mashine ikazima ghafla, na kimya kile kikanifanya nitazame chini kwenye betri. Taa zake tatu za kijani zilikuwa zinawaka zote, maana yake chaji bado ipo. Nilipoinua macho palikuwa na ukungu na nyumba ya Paskali, mlango umefungwa kwa kufuli.

Nilivuka, nikatazama ardhi. Nyayo za gambuti zangu zilikuwa zimejaa kila mahali kwenye lile tope la majani. Nyingine hazikuwepo.

Mke wangu akatoka ndani, simu mkononi, mkono mwingine kichwani.

"Baba Emanueli! Paskali ametutoka."

"Lini?"

"Saa saba mchana."

Nilikaa chini palepale, na ile mashine bado inaning'inia begani.

Mwili uliletwa kesho yake. Hakukuwa na jubilei tena, ni msiba. Theresia aliuona ukanda umenyolewa, akapita. Jioni alinifuata nyuma ya zizi, macho yamevimba.

"Shemeji, nikuulize kitu. Alifika?"

"Nani?"

"Alhamisi usiku aliniambia, 'Kesho nakwenda kwa kaka. Yeye ni mkubwa, ataona aibu kuja na majani. Nitang'oa mimi kwa niaba yake, nimpelekee, yaishe.' Nikamwambia huwezi hata kukaa kitandani. Akasema, 'Nitafika.' Je, alifika?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na sina Emanueli wa kumsingizia. Nilitazama ng'ombe. Nikasema, "Hapana. Sijamwona."

Akatikisa kichwa, akarudi ndani. Tukamzika Jumapili.

Miezi minane nilikaa na uongo ule. Mvua za vuli zikaja, za masika zikaja, kila mahali Bashay pakawa kijani isipokuwa ule ukanda. Nilipanda mbegu. Nilihamisha majani na mizizi yake kutoka kijitoni, nikamwagilia mimi mwenyewe, yakafa kwa siku tatu. Na siku za ukungu, yapata saa kumi na moja, nilimwona. Hakunisogelea, hakunitisha. Alikuwa ameinama tu, anapapasa. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, mpaka siku moja alipotoka kuanua nguo akamwona na yeye. Aliacha nguo kwenye kamba, akafunga mizigo usiku ule, akaenda Babati kwa Emanueli. Hajarudi. Simlaumu.

Ndipo nikaenda kwa Theresia nikasema kweli yote. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo na wanawe watatu, watu wazima sasa. Nilipiga magoti, mimi niliyeshindwa kwenda hatua tatu. Nilikuwa nimeng'oa majani kijitoni, nimeyashika kwa mikono miwili.

Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alikuja kabla hatujamzika?"

"Ndiyo."

"Na mama huyu alikuuliza kabla hatujamzika?"

"Ndiyo."

Akapumua. "Ungesema siku ile, tungeng'oa majani popote tukamwekea mkononi, nawe ukayapokea mbele yetu kabla jeneza halijafunikwa. Ingekuwa imekwisha. Sasa unataka nani akupokee?"

Theresia hakulia. Alisema tu, "Nilikuuliza, shemeji. Nilikuuliza vizuri."

Mwanawe mkubwa alisimama, akafungua mlango, akakaa pembeni nipite. Tangu siku hiyo wale vijana watatu hawaniamkii. Umewahi kusikia kijana wa Kiiraqw anampita baba yake mkubwa njiani bila shikamoo? Wananipita mimi. Na wamekwisha sema wazi kwamba nikifa hawatalibeba jeneza langu, na watoto wao hawatakula nyumba moja na watoto wa Emanueli. Kwa mila zetu, ugomvi ambao wenyewe wamekufa nao haufi, unarithiwa kama shamba. Emanueli ameurithi, na hakuwahi kugeuza maji ya mtu.

Wewe unayesoma, huenda nawe una mtu uliyemkosea, na umejiwekea siku ya kwenda, ukishapata nafasi. Nakusihi, usingoje. Na uliloambiwa na baba yako usilitafutie mlango wa nyuma. Mlango huo utaupata, maana mtu mwenye hatia haukosi, na utakapoingia utakuta hakuna wa kukupokea.

Mimi nimezeeka na sitegemei kitu. Mke wangu ananipigia simu Jumapili, hazungumzi sana. Padri amenipa kitubio, nimekifanya, na amani sijaiona. Ukitaka kujua lile "sawa" lilinigharimu nini hasa, si mke wala si hao vijana, ingawa nao wanauma. Lilinigharimu Paskali. Alikuwa mdogo wangu wa pekee, nilimkosea mimi, akatoka kifoni kuja kunisamehe, na nikamrudisha mikono mitupu.