Masaa Sita Kutoka Léo

Hapa Kasongo hakuna aliyeijua njia ya angani kama Faradji, jirani yangu, ingawa ndege yenyewe hakuwahi kuipanda. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani ya uwanja na kufukuza mbuzi ndege inapokaribia. Kila rubani akishuka, Faradji alimwuliza ametoka wapi, ni kilomita ngapi, ametumia masaa mangapi. Kutoka Léopoldville, tuliouita Léo kwa kifupi, ilikuwa kilomita elfu moja na mia tatu, masaa sita, pamoja na kutua Luluabourg kujaza mafuta. Alitueleza hayo barazani mpaka tukachoka. Mwenzetu Abdallah, aliyezoea kuhesabu safari kwa idadi ya kulala njiani, alimwuliza watu wanalala wapi njiani.

"Hawalali," alisema Faradji.

"Basi hiyo haiko safari."

Nilimuunga mkono Abdallah. Faradji alikuwa anachosha, Mungu anisamehe.

Mwaka 1956 mkewe, mama Nuru, alishikwa na homa ya mapafu. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Feza, ameolewa huko Léo. Alipelekewa telegramu. Jibu lililetwa nyumbani na Placide, karani wa kampuni ya pamba. Alilisoma kwa Kifaransa, kisha akatafsiri akiwa amesimama mlangoni: "Feza iko anakuja kesho na ndege. Atafika saa tatu."

Mama Nuru alisikia, akasema atamngoja. Alfajiri akafariki.

Mji wetu una saa za namna mbili. Sisi Waislamu tunahesabu tangu jua kuchomoza, kwa hiyo saa tatu ni asubuhi, watu wameshakunywa chai. Placide alilelewa misheni, na kwa saa ya misheni na ya ofisi, saa tatu ni alasiri, ile tunayoiita sisi saa tisa. Faradji alizijua zote mbili. Uwanjani alitumia ya Wazungu, nyumbani alitumia yetu. Habari hii aliipokea nyumbani.

Tulingoja mpaka saa tatu yetu, tukangoja hadi saa tano. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Mimi ndiye niliyesema ndege hiyo imeharibika njiani, tusimcheleweshe marehemu. Faradji alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Haya. Mumuzike." Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri. Mpaka leo najuta kufungua kinywa.

Saa tisa, tukiwa tumekaa matangani, tukasikia mngurumo. Faradji aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kufukuza mbuzi, kwani hakuna mwingine aliyepewa kazi hiyo. Nilimfuata. Feza alishuka na sanduku lake, akaona udongo kwenye nguo zetu.

"Baba, mama iko wapi?"

"Mulitoka Léo saa ngapi?" Faradji alimwuliza.

"Asubuhi, jua limeshatoka. Baba, mama iko wapi?"

Nilimwona Faradji akihesabu kwa vidole, polepole. Hata ndege ingeondoka Léo jua linachomoza, isingefika hapa kabla ya adhuhuri. Alipomaliza vidole akaketi chini, palepale kwenye majani.

"Tumemuzika," alisema. "Nilikuwa najua masaa, Feza. Sikuhesabu."

Feza alilia akiwa amesimama, sanduku mkononi. Baadaye akauliza kama makaburi yako mbali.

Nikamjibu mimi.

"Hapana, mwanangu. Iko karibu."